Sabuni Haikuwa na Hasara

Mwanangu Elisha,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, nikiwa nimepoa kidogo. Sasa hivi sijapoa. Umekwenda Mwankoko kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa hapa mlangoni na kalamu yako ya wino bila ruhusa yako, kwa sababu nikisubiri urudi nitapiga kelele, majirani watajaa, na wewe utafanya kama marehemu baba yako alivyokuwa akifanya: utanyamaza na kutazama ng'ombe wa watu wakipita. Kwenye karatasi hutapata ng'ombe wa kutazama.

Sitakuandikia habari za kufua mashati wala za kuchemsha maji ya Dodoma. Una akili za kutosha kujifulia. Nakuandikia kuhusu ile karatasi uliyonionyesha Jumapili tulipotoka kanisani, na kuhusu mjomba wako Samweli, ambaye kesho alfajiri unapanda naye lori kwenda kuwa karani wa hesabu katika kiwanda chake. Nianze na lililoniuma kwanza. Hukuniambia. Ulimwandikia mjomba, mjomba akakujibu, mkapatana mshahara, na mimi nikazisikia habari hizo dukani kwa Bwana Karim nilipokwenda kununua chumvi. Bwana Karim akaniambia, "Hongera mama, kijana yako napata kazi kwa mjomba." Nikamshukuru, kama vile nilikuwa najua. Nilifika nyumbani bila chumvi.

Basi Jumapili ukanionyesha karatasi. Mjomba alikuwa amekutumia gharama za kiwanda chake ili akupime, nawe ukazigawa kati ya mafuta na sabuni, ukapiga mistari kwa rula, ukaandika kwa mwandiko ambao kweli ni mzuri, huo sikunyimi. Ukasema, "Mama, tazama, mafuta yana faida. Sabuni ina hasara." Nikakuuliza umezigawaje zile gharama za wote, yaani kodi ya jengo, mlinzi, fundi, matengenezo. Ukasema umegawa kwa saa za kazi, ndivyo mlivyofundishwa kwenye kozi. Nikakuuliza, saa za nani? Ukacheka, ukasema, "Za wafanyakazi, mama. Injini haina saa." Nikainuka nikaenda kuwatazama kuku. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mikono yangu isije ikachana karatasi ya mtoto wa watu.

Wewe ulikuwa mdogo, unachunga mbuzi, wakati sisi tulipofungua banda la Mandewa. Unakumbuka harufu tu. Ngoja nikueleze jinsi lilivyokuwa, maana najua mjomba wako atakueleza kwa namna yake mkiwa njiani, na njia ya Manyoni ni ndefu.

Baba yako alipofariki aliacha ng'ombe. Ndugu zake walitaka wagawane, mimi nikawauza kabla hawajamaliza vikao vyao, nikanunua mapipa mawili makubwa ya kuchemshia sabuni, mbao za kutengenezea makasha ya kumiminia, na magadi ya sabuni. Sabuni nilijifunza misheni, kwa yule bibi mzungu wa zahanati aliyekuwa hawezi kuvumilia shuka chafu. Mjomba wako, ambaye alikuwa amerudi kutoka vitani na pesa zake za uaskari, akanunua injini ya kukamulia karanga. Tukaona haina maana kila mtu akodi jengo lake. Tukakodi banda moja la Bwana Karim, huyo huyo wa chumvi. Upande wa mashariki mafuta, upande wa magharibi sabuni. Mlinzi mmoja, punda wale wale wa kuleta maji, paa moja. Mafuta yalikuwa na wanaume watatu pamoja na mjomba wako, kwa sababu injini ndiyo iliyofanya kazi. Sabuni ilikuwa na wanawake tisa bila mimi, kwa sababu hakuna injini inayochemsha mafuta ya ng'ombe, ikakoroga, ikamimina, ikakata miche, ikaipanga juani na kuigeuza. Ni mikono tu.

Mwezi wa kwanza tulikaa kikao, tumegharimika, hatujui nani alipe nini. Mjomba wako akauliza tugaweje. Na hapa, Elisha, nisikilize vizuri, kwa sababu aliyejibu ni mimi. Hakunilazimisha mtu. Nilisema kwa mdomo wangu, na kwa majivuno, "Tugawe kwa vichwa, kama msibani."

Unajua msibani kwetu Misigiri jinsi inavyokuwa. Mtu akifa, kila kichwa kinatoa mchango sawa, mwenye zizi na asiye na kuku, na hakuna anayeuliza nani alilia zaidi. Nilikua nikiona huo ndio uungwana wenyewe. Kumwambia ndugu yako, "Hiki umetumia wewe, hiki nimetumia mimi," niliona ni tabia ya watu wasiopendana. Mjomba wako alinitazama kidogo, halafu akasema, "Dada amesema vizuri." Hebu fikiria. Tangu tukiwa watoto hajawahi kuniambia nimesema vizuri, nami nikafurahi, sikujiuliza imekuwaje leo.

Kwa hiyo kila mwezi gharama za wote zikawekwa pamoja, zikagawanywa kwa idadi ya vichwa vya wafanyakazi. Watatu huku, tisa kule. Yaani sabuni ikabeba sehemu tatu, mafuta sehemu moja. Na ni gharama gani hizo? Fundi wa injini aliyeitwa kutoka Dodoma, akalala kwangu, akala kuku wangu, na malipo yake yakagawanywa kwa vichwa. Ukuta uliopasuka kwa mtetemo wa injini, tukauziba kwa saruji, ukagawanywa kwa vichwa. Mkanda wa injini ulipokatika, mjomba wako akasema mkanda ni mali ya banda. Mlinzi tulimwajiri kwa sababu watu waliiba vyuma vya injini. Hakuna mwizi wa Singida nzima aliyewahi kuja usiku kuiba magadi yanayochoma mikono. Naye akagawanywa kwa vichwa. Upande wa Mama Hadija, aliyekuwa anakata miche, ambaye hata hakuruhusiwa kuikaribia injini kwa sababu ya kanga yake, ulikuwa unalipia injini hiyo mara tatu ya upande wa mjomba wako, aliyekuwa anaipapasa kila asubuhi kama fahali wa kwanza.

Na kuna kitu kinachonichoma mpaka leo. Serikali ya Mwingereza inatoza kodi ya kichwa, unajua jinsi wanaume wanavyojificha maporini siku karani wa kodi akipita. Lakini hata yeye huwa anamruka mwanamke. Kichwa cha mwanamke hakimo kwenye daftari lake. Mjomba wako ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akivihesabu vichwa vya wanawake, na alivihesabu ili avidai.

Sabuni yetu ilikuwa inauzika, Elisha. Wasikudanganye. Ilifika Kiomboi, ilifika mpaka kwa wenye maduka wa mjini, ambao hawanunui kitu kwa huruma. Lakini mwisho wa mwaka mjomba wako aliniletea karatasi, na karatasi ikasema sabuni ina hasara na mafuta yana faida. Niliitazama mara nyingi. Kujumlisha kulikuwa sahihi, kutoa kulikuwa sahihi. Mwandiko ulikuwa mzuri pia. Sikuona pa kushika. Ile njia ya kugawa ilikuwa yangu mwenyewe, ningeipingaje?

Mjomba wako akasema, "Dada, wale wanawake wamekuzoea wewe. Ukiwaambia wewe watapokea." Nikakubali na hilo pia. Nikawakusanya nje ya banda, nikawasomea. Nilisoma kila mstari, polepole, kama nasoma kanisani, na wao hawajui kusoma hata mmoja. Nilipomaliza Mama Hadija akaniuliza, "Kwa hiyo, mama Elisha, nani ametufukuza?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyewafukuza, ni hesabu tu ndiyo imesema. Akasema, "Haya. Basi isalimie." Akachukua kisu chake cha kukatia miche, ambacho kilikuwa chake, akakifunga kwenye kanga, akaondoka. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiamkia vizuri, ananiuliza habari zako, na sijawahi kupata jibu la kumpa kwa lile alilouliza siku ile. Hadija alikuwa darasani wakati ule. Aliachishwa shule mwezi uliofuata. Unamfahamu, ndiye anayeuza mkaa pale njia panda.

Sasa sikiliza kilichotokea baadaye, ambacho mjomba wako hatakusimulia kwa sababu bado hajakielewa, au amekielewa na hataki. Tulifunga sabuni mwezi huo. Mimi nilitegemea, na yeye alitegemea, kwamba hasara itakuwa imekwisha. Nikaenda kwa Bwana Karim kumwomba apunguze kodi ya banda, maana sasa tunatumia nusu. Akaniambia, "Mama, banda iko pale pale. Mimi nakodisha banda, sikodishi sabuni." Mlinzi naye hakukubali kulinda kwa robo mshahara. Punda hawakuanza kula kidogo. Fundi alikuja vile vile, akala kuku vile vile. Gharama zote zile ambazo kwenye karatasi zilikuwa za sabuni zilibaki zimesimama mlangoni, na sabuni haipo, ikabidi mafuta yazibebe zote. Msimu haujaisha mafuta nayo yakaanza kuonyesha hasara. Ndipo nilipokaa kitandani nikaelewa kwamba wale wanawake tisa walikuwa wanailisha injini ya mjomba wako muda wote ule, na sisi tumewafukuza kwa kosa la kuilisha.

Nilikwenda nikamwambia. Alinijibu kwa Kinyiramba, jibu ambalo sitaliandika kwa sababu utakaa naye nyumba moja. Halafu akang'oa injini, akaipakia kwenye lori, akaenda kufungua kiwanda cha mafuta na sabuni Dodoma, akaniacha na banda la Bwana Karim na deni lake. Mapipa yangu mawili niliyauza kwa watu wa pombe. Karo yako ya miaka mitatu imetoka kwenye vibarua vya mashamba ya watu, mikono hii hii. Nakwambia si ili unishukuru. Nakwambia ili ujue kwamba ninapoona karatasi yenye mistari iliyonyooka na chini yake imeandikwa sabuni ina hasara, siyo kwamba sielewi hesabu.

Wewe hukugawa kwa vichwa. Umegawa kwa saa za kazi, maneno ya shuleni. Lakini saa za mikono ya watu ni vichwa vile vile, umevivalisha kofia tu. Palipo na mikono mingi pana saa nyingi, na penye injini pana watu wawili wanaoitazama ikifanya kazi. Injini haina saa, ulisema ukicheka. Lakini inakunywa dizeli, inapasua ukuta, inaita fundi. Nimeisoma karatasi yako tena asubuhi hii wakati unaoga. Umeandika "matengenezo ya injini" halafu ukayapeleka mengi kwenye sabuni. Uliandika wewe, kwa mkono wako, neno injini, kisha neno sabuni, kwenye mstari mmoja, na hukushtuka. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko hata kazi yenyewe.

Sikuambii kwamba ipo njia moja ya kugawa isiyo na lawama. Nimelifikiria hili miaka mingi nikipalilia mtama wa watu. Zipo gharama ambazo ukiziuliza nani kaziita, zinakujibu wazi: fundi kaitwa na injini, kuni zimeitwa na mapipa. Kodi ya jengo unaweza kupima sakafu kwa hatua zako ukajua nani kakalia wapi. Lakini zitabaki nyingine ambazo hazina mwenyewe, na hapo hakuna rula wala kozi. Hapo mtu anaamua. Sina ugomvi na mtu anayeamua, hata akiamua vibaya. Nina ugomvi na anayeamua kisha akajificha nyuma ya karatasi aliyoiandika mwenyewe, kama nilivyojificha mimi.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapo, nikuachie ufikirie. Lakini mchana huu, wewe ukiwa umeshaondoka kwenda Mwankoko, mjomba wako alipita hapa. Alisema amekuja kuona kama mizigo yako iko tayari.

"Shikamoo dada," akasema.

Nikasema marahaba, kwa sababu sikulelewa porini, nikampa kigoda. Alitaka kunisimulia habari za kiwanda. Nikamkata.

"Samweli, pale Dodoma una wanawake wangapi kwenye sabuni?"

"Wengi wengi. Wa nini?"

"Utawafukuza lini?"

Akacheka. "Wewe dada bado una kinyongo. Hesabu ameziandika kijana wako mwenyewe, si mimi."

"Nimeuliza lini."

"Mwisho wa mwezi. Nimeshapata mtu wa kuchukua ile nafasi aweke mashine ya kusaga." Akanywa uji wangu, akafuta midomo. "Elisha atawaeleza. Ana maneno laini kama wewe, na wale wanawake wengi ni wa huku huku kwetu. Watampokea."

Unaona, mwanangu? Nafasi imeshapata mtu. Alikuwa ameshakata shauri kabla hujachora mstari wa kwanza. Ile ya kukupima haikuwa kukupima, na karatasi yako haitabadilisha kitu hata ukiigawa upya kwa haki yote ya duniani. Na mimi nimekaa mchana mzima naikasirikia karatasi yako, kumbe karatasi haikuwa na kazi. Karani wa kugawa gharama anaweza kumpata Dodoma kwa bei rahisi. Kwako anatafuta sauti. Anataka mtu ambaye wale wanawake wakimsikia anaongea lugha yao, anawaita mama na dada, watainamisha vichwa na kwenda nyumbani bila kumletea vurugu. Mara ya kwanza alinipata mimi, nami nilikuwa rahisi. Sasa amekuja kuchukua mtoto wangu.

Nilitaka kumfukuza na kigoda chake. Sikumfukuza, kwa sababu ningemfukuza, wewe usingepata safari, na ungeishi ukijua mama yako ndiye aliyekuzuia, na hasira yako yote ungeimalizia kwangu badala ya mahali pake. Una miaka ya kutosha. Unaitaka Dodoma, naona jinsi unavyoitaka, umeyapanga mashati yako mara tatu. Sikuzuii. Mshahara upokee, ni haki yako, na mwandiko wako unastahili zaidi ya huo.

Igawe upya ile hesabu, hata kama haitasikilizwa. Gharama za injini ziende kwa injini. Umpe mjomba wako mkononi, aone na yeye jinsi mafuta yake yanavyoonekana yakibeba mzigo wake. Atakasirika. Ukimwona anakasirika ujue ameielewa.

Halafu mwisho wa mwezi ukifika, atakuita, atakupa ile karatasi ya kwanza, atakuambia nenda kawasomee. Usiende. Mwambie asome mwenyewe. Kusoma anajua, na sauti anayo. Mimi nimembeba mgongoni huyo, hajawahi kukosa sauti. Asimame mbele yao, aseme kwamba Samweli ameamua kuwafukuza kwa sababu anataka kupangisha nafasi yao, na wao wamjibu yeye.

Akikufukuza kwa sababu hiyo, panda lori urudi. Usingoje giza ndipo ushuke. Shuka mchana, siku ya mnada, watu wote wakiwa barabarani wakiuliza kijana wa Raheli amerudi na nini. Nami nitakuja nikupokee sanduku hapo hapo, mbele yao.

Mama yako,
Raheli